Kazi Yangu Ilikuwa Kusalimia

Kwa wewe uliyefutia kioo gazeti la wiki iliyopita kabla hujasoma safu yangu: nilifukuzwa kwa daktari wa meno. Nilikuwa nakaa mapokezi. Mgonjwa mmoja aliniuliza kama jino litauma, nami kwa kumwonea huruma nikamwambia daktari ni mtu mzuri sana, ila siku hizi mikono inamtetemeka. Chumba cha kusubiria kikabaki viti vitupu.

Hiyo ilikuwa kazi ya tatu niliyoipoteza kwa sababu ya mdomo.

Nina ugonjwa, sikatai. Napenda watu. Kukaa nao hata sijali sana; ninachopenda ni kukutana nao, ule mwanzo wenyewe. Mtu nisiyemjua akinipa mkono, nahisi kama nimefunguliwa dirisha. Tangu utoto wananiita Hodi, maana hakuna mlango mtaani ambao sikuugonga.

Wakati huo nilikuwa nakaa kwa dada yangu, aliyenipita miaka sita na aliyenilea tangu mama yetu afariki. Mumewe alikuwa mkata vitambaa kwenye kiwanda cha kushona sare za shule. Miaka kumi na nne, meza ile ile. Mtu mpole, mikono mikubwa, maneno machache.

Jioni moja akaniambia, "Shemeji, kiwandani wanatafuta mtu."

"Wa kufanya nini?"

Akafikiri kidogo. "Wa kuongea."

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. "Nenda kesho asubuhi," akasema, "kabla hawajashtuka."

Nikaenda.

Mkuu wa utumishi alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, nadhifu, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto. Wafanyakazi walimwita Mama Pole. Nilidhani ni kwa ajili ya upole wake.

"Unapenda watu?" akaniuliza.

"Mama, siku nisipokutana na mtu mpya nalala na homa."

Vyeti vyangu hakuvigusa. "Hapa kuna watu mia tatu na kumi," akasema. "Sijui hata mmoja wao ana shida gani. Utakuwa Afisa Mahusiano. Zunguka, salimia, sikiliza. Ijumaa mchana tunakunywa chai humu ndani, unanisimulia."

"Basi?"

"Basi."

Kama kazi ingekuwa mwanamke, ningepeleka posa siku hiyo hiyo.

Kiwandani cherehani zinapiga kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Ukitaka kumsalimia mtu inabidi uiname mpaka sikioni kwake, naye akujibu sikioni kwako. Sasa mtu akikuongelesha sikioni, hata "sijambo" inakuwa siri. Na baada ya siri ndogo huja kubwa.

Katika wiki mbili nikawajua wote. Nani amehamia kwa mkwewe na halali kwa amani. Nani anasoma masomo ya jioni kwa kujificha. Nani anampenda nani kwenye mstari wa makoti.

Mshona vifungo alinivuta sikio mwenyewe. "Hodi, nina miezi mitatu. Hajui mtu, hata mama mkwe. Tumetafuta mtoto miaka tisa."

Nusura nicheze pale pale katikati ya vifungo.

Ijumaa ya kwanza nikaipeleka habari ile kwenye chai kama mtu anayepeleka keki. "Miaka tisa!" Mama Pole akasema, akanisogezea biskuti. "Masikini. Na kwenye pasi je?"

"Kwenye pasi kuna mzee mmoja hodari, mama, huwezi kuamini. Jicho la kushoto halioni kabisa. Kola anazijua kwa kupapasa tu!"

Nilimsimulia kwa kumsifu mzee wa watu. Tukacheka wote wawili. Hakuandika hata neno.

Jumatatu kiti cha mshona vifungo kilikuwa kitupu. Mzee wa pasi naye hakuwepo. Barua zao zilisema kiwanda kinapunguza wafanyakazi.

Bahati mbaya, nikajisemea.

Ijumaa iliyofuata nikasimulia ya watu watatu wengine. Jumatatu, viti vitatu.

Mimi ni msemaji, msomaji wangu, si mjinga. Ijumaa ya tatu niliingia ofisini na sikukaa.

"Mama, watu wanafukuzwa kwa maneno yangu."

"Kaa, chai inapoa."

"Sikai."

"Nilijua utakuja wiki ya tatu," akasema. "Aliyekutangulia alikuja wiki ya pili, lakini yule alikuzidi akili kidogo." Akachovya biskuti yake bila haraka. "Mwenye mimba ni kiti kitakachokaa bure miezi mitatu. Mwenye jicho moja ni kola zitakazoungua. Mimi sina ubaya nao, Hodi. Nikiwaita hapa nawaambia pole, na inatoka moyoni."

Ndipo nikaelewa jina lake.

"Naacha kazi."

"Acha. Mlango ule pale." Hakuinua hata sauti. "Lakini kesho asubuhi ukiamka, utamsalimia nani?"

Nilisimama nikaitazama kesho hiyo. Niliiona vizuri: mimi, kochi la dada, na saa ya ukutani.

Nikakaa. Nikanywa chai.

Hapa ndipo wengi wanaoungama husema walikuwa na njaa, au mtoto alikuwa mgonjwa. Mimi sikuwa na njaa wala mtoto. Nilibaki kwa sababu kila kiti kilichobaki kitupu Jumatatu, wiki iliyofuata kilipata mtu mpya. Mtu mgeni kabisa, mwenye woga, asiyejua choo kiko wapi. Na wa kwanza kumpa mkono nilikuwa mimi.

Nimelisema. Gazeti mnalo, lichaneni mkitaka.

Wafanyakazi nao hawakuwa wamelala. Wiki ya tano, kwenye ukuta wa nje ya choo mtu akaandika kwa chaki: KIKULACHO KI NGUONI MWAKO. Chini yake mwingine akaongeza: Na nguo tunashona wenyewe.

Wakaanza kutafutana. Nani angenishuku mimi? Mtu anayepayuka kutwa nzima, watu hudhani hana siri. Na Ijumaa zangu za chai zilijulikana. Nilikuwa nimewaambia naenda kuwaombea feni. Wengine walinishukuru kwa kujisumbua.

Macho yakamwangukia anayesikiliza bila kuongea. Ambaye meza yake iko chini kabisa ya dirisha la Mama Pole. Ambaye miaka kumi na nne hajapata hata barua ya onyo.

Shemeji yangu.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kumjulia hali mshona vifungo nyumbani kwake. Nilitaka kusamehewa bila kuomba msamaha, kama hilo linawezekana. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Alinikalisha kwenye kiti kizuri, yeye akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Hodi, wewe una roho nyeupe," akasema. "Kwa hiyo nakwambia kama mdogo wangu. Jihadhari na shemeji yako."

"Kwa nini?"

"Watu wote wanasema ni yeye. Wewe unakaa naye. Ni yeye?"

Hapa, wasomaji wangu, nilipewa nafasi. Hakuna aliyenishika shingo. Chumba kilikuwa kimya, mlango uko wazi, mwanamke niliyemkosesha kazi ananitazama kwa huruma.

"Siwezi kusema," nikajibu.

Maneno mawili tu. Kesho yake saa nne asubuhi yalikuwa yamezunguka kiwanda kizima na kurudi yamenenepa: hata Hodi, anayelala nyumba moja naye, ameshindwa kumtetea!

Walianza na salamu. Shemeji akisema "habari za asubuhi" meza nzima inageuka kutafuta mkasi. Kisha mtu akamwaga mafuta ya mashine kwenye mrundo wa vitambaa alivyokwisha kukata, sare sabini zikaharibika, akapata barua yake ya kwanza ya onyo. Kantini akikaa kwenye benchi, benchi lote linasimama. Anabaki peke yake na sahani yake kama mwenye ukoma.

Mimi nilikuwa nasimama pamoja na wengine. Si mara moja.

Dada akaanza kumletea chakula mwenyewe. Saa sita na nusu unamwona langoni na kopo lake la mfuniko, wanakula wawili kwenye kizingiti cha kibanda cha mlinzi. Hakuwahi kumuuliza mumewe chochote. Aliniuliza mimi.

"Mdogo wangu, kule wanakupenda wewe." Alikuwa anakunja nguo, nami nimekaa juu ya kitanda chao nikila karanga. "Waambie tu kwamba si yeye. Ukisema wewe, watakuamini."

"Nitawaambia, dada."

"Lini?"

"Wakitulia."

"Wakitulia watakuwa wameshamuua." Akaweka nguo chini. "Anakuja hapa, anakaa kwenye hiyo pembe, anauangalia ukuta. Jana alinisalimia mara tatu, kama anayejaribu kuona iwapo bado anaweza. Unaelewa ninachokwambia?"

"Naelewa."

"Basi?"

"Nimesema nitawaambia."

Akanishika kichwa akakitikisa kidogo, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto. "Ndiyo maana sijutii kukulea," akasema.

Nikaendelea kula karanga. Zilikuwa zimechacha, lakini nilizimaliza.

Jumapili, mimi na shemeji tulikuwa tunatengeneza bawaba ya mlango wa jikoni. Skrubu ikamdondoka. Akaiokota. Ikamdondoka tena. Mara ya tatu akakaa chini, akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele yangu.

"Nifinye hapa."

Nikafinya kidole cha kati. Nikafinya cha pete.

"Kwa nguvu."

Nikafinya mpaka kucha yangu ikaacha alama.

"Sisikii kitu," akasema. "Ganzi tupu. Vidole viwili, karibu mwezi wa nne sasa. Na ile mashine ya kukatia, shemeji, kisu chake hakiulizi."

"Dada anajua?"

"Hajui. Akijua hatalala. Huko kazini wangejua wangefurahi." Alijaribu kutabasamu. "Nimebaki na wewe tu wa kuongea naye."

"Usijali," nikamwambia. "Kwangu ni kama umetupa jiwe kisimani."

Ijumaa ikafika.

Nilimsimulia Mama Pole ya mstari wa makoti, ya ghalani, ya mlinzi na mke wake wa pili. Alisikiliza huku ananyoosha kitambaa cha meza.

"Na meza ya kukatia?"

"Hakuna kitu, mama."

"Hodi. Toka umeanza, meza ya kukatia haina kitu. Watu kumi na wawili! Hakuna anayeumwa, hakuna anayegombana na mkewe. Umeniwekea malaika pale?"

Nikacheka peke yangu.

"Umechoka," akasema kwa upole. "Si vibaya. Yupo binti mmoja mapokezi pale chini, mcheshi sana. Wageni wanampenda. Nafikiri Jumatatu nimjaribu yeye kwenye kuzunguka, wewe upumzike ghalani. Kule kuna utulivu. Ni maboksi tu."

Wivu ulinipanda. Nilimwona yule binti akiinama kwenye masikio yangu. Akiwapa mkono wageni wangu. Kuna wanaume huua mtu kwa wivu wa aina hiyo, nami nilikuwa nauhisi kwa ajili ya salamu.

"Vidole," nikasema.

"Vya nani?"

Nikamwambia. Nilijidanganya kwamba namwokoa, kwamba kisu kitamkata, kwamba watampa kazi nyepesi. Nilimwambia ni vidole vipi. Nilimwambia tangu lini. Nilimwonyesha kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama Pole akaweka kikombe chini, akanitazama.

"Huyo si mume wa dada yako?"

"Ndiye."

"Pole sana," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia mimi.

Jumatatu saa nne msimamizi alikuja kwenye meza ya shemeji kumwita ofisini. Nilimwona anapanda ngazi akijifuta mikono kwenye aproni. Nikageuka, nikaenda kumsalimia mtu mpya kwenye vifungo. Binti mwembamba, ndio kwanza ana siku mbili kazini. Alikuwa na mengi ya kunieleza. Sikusikia hata moja.

Saa sita kengele ikalia, lakini kantini hakuna aliyepanga foleni. Kumbe walikuwa wamekubaliana. Mama wa kola, mshonaji wa siku nyingi kuliko wote, mwanamke ambaye hata wasimamizi humwamkia, alikuwa amepanda juu ya benchi.

"Leo hatuli," akasema. "Wameondoka wenzetu kumi na saba. Anayepeleka maneno juu yumo humu ndani. Tunataka atoke mwenyewe, kabla hatujamtoa."

Mlango ukafunguliwa. Shemeji akaingia.

Hakuwa na aproni. Kwenye mfuko wa shati lake palichungulia kona ya bahasha nyeupe. Mimi niliijua bahasha ile. Wengine wote walikuwa wanamtazama usoni.

Naye akanitazama mimi. Msidhani alikuwa na hasira. Alinitazama kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata, akitafuta kasoro iko wapi. Akaiona. Nilijua ameiona, kwa sababu aliinamisha kichwa.

"Njoo hapa," mama wa kola akamwita. "Tumekuvumilia vya kutosha. Ni wewe?"

Angetoa bahasha tu. Mtu aliyefukuzwa saa mbili zilizopita atakuwaje mpelekaji wa maneno? Angeitoa, wangemwomba radhi mmoja mmoja. Kisha wangeanza kujiuliza ni nani, basi. Na jibu lilikuwa limesimama karibu na birika la chai, limeshika kikombe.

"Ni mimi," shemeji akasema.

Kantini ililipuka. Kikombe cha bati kikaruka kutoka nyuma, kikampiga kwenye paji la uso. Chai ikamchuruzika mpaka kidevuni. Hakujifuta. Mwingine akamtemea mate. Yule binti mwembamba wa vifungo, ambaye hata hakumjua, alikuwa anapiga kelele pamoja nao.

"Mume wangu, umesema nini?"

Dada alikuwa mlangoni na kopo lake la chakula.

Kelele zikapungua. Wengi walimheshimu dada. Walikuwa wanapita pembeni yake pale kwa mlinzi wakiangalia chini.

"Rudi nyumbani," shemeji akamwambia.

"Nimekuuliza umesema nini."

"Nimesema ni mimi. Rudi nyumbani, mama."

Dada akaweka kopo mezani, akatembea katikati ya watu mpaka mbele yake. Akamfuta chai kwa upande wa kanga yake, taratibu, paji la uso kisha mashavu. Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Hodi, njoo hapa. Miaka kumi na nne nimeolewa na mtu huyu. Sijawahi kumsikia akisema uongo, na leo ndio nausikia." Sauti yake haikupanda. "Wewe unajua mambo ya kila mtu humu. Niambie. Anamficha nani?"

Sikuondoka pale penye birika.

Shemeji aliona dada ameutazama mfuko wake. Akapeleka mkono haraka aisukume bahasha ndani. Vidole vikapapasa, vikakosa, vikaikamata vibaya. Bahasha ikateleza ikaanguka sakafuni.

Dada akawahi kuinama.

"Iache," shemeji akasema. "Nakuomba, iache."

Alikuwa ameshaichana. Dada husoma polepole, kwa sauti, na humo ndani hamkuwa na cherehani ya kuifunika sauti yake.

"'Kufuatia taarifa iliyotolewa kwa ofisi hii siku ya Ijumaa, wakati wa chai, kuhusu ganzi ya vidole viwili vya mkono wako wa kulia...'"

Barua za wengine hazikuwa na maneno hayo. Dada akaishusha. Akauchukua mkono wa mumewe, akaugeuza, akautazama.

"Vidole gani?" akamuuliza. "Ulimwambia nani, ambaye si mimi?"

Shemeji akafumba macho.

Juu ya benchi, mama wa kola alikuwa anahesabu kitu midomoni bila sauti. Ijumaa. Chai. Niliona hesabu ilipomkalia sawa. Akanigeukia mimi, na watu waliomfuata kwa macho wakanigeukia pia, mstari kwa mstari, makoti, mashati, vifungo, ghala, mpaka hapakubaki uso hata mmoja ambao sikuuona kwa mbele.

Nikaweka kikombe changu chini. Nikapiga hatua moja kuelekea mlango wa nyuma.

"Fungeni huo mlango," mama wa kola akasema.